Sura ya Tisa: Homa ya Jumanne

Kiti cha wageni katika ofisi ya karani kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na Inspekta, ambaye magoti yake mwenyewe yalishaanza kumgomea, alikikalia kwa tahadhari. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa unga. Katika kiwanda hiki unga ulifika kila mahali: kwenye madirisha, kwenye mafaili, kwenye nyusi za mlinzi wa getini. Kituoni vijana walimwita Kobe, wakidhani hajui. Alijua. Tena jina lenyewe hakuliona baya, maana kobe naye hufika. Ila safari hii hakuwa na hakika kama angefika kabla ya mahakama.

Mahakama ilikuwa Jumatatu. Leo ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mahabusu alikuwemo msimamizi wa zamu wa kiwanda hiki, ameshikwa kwa kusababisha kifo cha mtu aliyekuwa chini yake. Mtu huyo alivutwa na mkanda wa kinu namba mbili Jumatano mchana, akafa pale pale. Juu ya yote, marehemu alikuwa shemeji yake msimamizi, mume wa dada yake wa tumbo moja.

Kilichomfunga kilikuwa karatasi moja: barua ya meneja, ya Jumanne, siku moja kabla ya ajali, ikimwagiza msimamizi asimamishe kinu namba mbili kwa sababu kifuniko cha mkanda kimelegea. Msimamizi aliapa kwamba hajawahi kuiona barua hiyo. Alisema ni yeye aliyekwenda kwa meneja, kwa mdomo, kuomba kinu kisimame, akajibiwa kwamba oda haisubiri. Neno la mdomo dhidi ya karatasi yenye muhuri. Inspekta alikuwa ameona mashindano hayo miaka thelathini, na mara zote karatasi hushinda.

"Faili la barua limehifadhiwa lini?" aliuliza.

"Jumanne, saa nne na dakika ishirini na mbili asubuhi," sauti ilijibu kutoka chini ya meza. "Nimeshakwambia mara mbili, afande. Ukiuliza mara ya tatu haitageuka Ijumaa."

"Mimi huuliza mara tatu."

"Ndiyo maana umezeeka."

Aliyesema hivyo alitoka chini ya meza kinyumenyume, akijipangusa nyaya na unga. Alikuwa fundi wa kompyuta wa mtaa mzima, mama wa makamo mwenye mwili na maneno, na watu walimwita Mama Feni kwa kuwa kila ugonjwa wa kompyuta, hata skrini ikipasuka, yeye huanza kwa kuuliza kama feni inazunguka.

Karani hakucheka. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, amekaa kwenye kona ya ofisi yake mwenyewe utadhani ndiye mgeni, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Jumanne saa nne na dakika ishirini ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Kwenye chai, afande. Kila siku saa nne mpaka nne na nusu niko kantini. Kiwanda kizima kinajua."

"Na neno la siri la kompyuta hii wanalo watu wangapi?"

"Wawili. Mimi na bosi."

Inspekta aliandika. Basi barua ni ya Jumanne, na meneja aliiandika karani akiwa kwenye chai, kama alivyoeleza. Hakuna kilichokosekana. Alimhurumia yule mtu wa mahabusu, aliyekuwa amekaa siku ya nne na shati lenye damu ya shemeji yake kwa kuwa hakuna ndugu aliyemletea jingine. Lakini huruma haijawahi kupokewa mahakamani kama kielelezo. Alishika ukingo wa meza ainuke.

Mkono wake ukagusa feni.

Ilikuwa feni ndogo ya mezani, ya kijani, imefungwa kwa kamba juu ya kigoda na kuelekezwa kwenye ubavu wa kompyuta. Ubavu wenyewe ulikuwa wazi, hauna kifuniko, matumbo yote nje.

"Hii nayo ya nini?"

"Hiyo ndiyo inayoiweka hai," Mama Feni alisema. "Unga umeiingia. Feni yake ya ndani, ile inayopoza prosesa, ubongo wake, imechoka, inazunguka ikijisikia. Nimeagiza nyingine, wiki ya tatu sasa. Kwa hiyo nikatoa kifuniko, na dada huyu akaleta feni yake ya nyumbani iipulizie. Prosesa ikipata joto sana, kompyuta inajizima yenyewe ili isiungue. Na mimi ili nijue mgonjwa wangu anaendeleaje, nimemwekea programu ya kumpima. Kila dakika tano inachukua joto la prosesa na kuliandika."

Inspekta alikaa tena. Kiti kiliyumba.

"Inaandika na siku?"

"Siku, saa na nyuzi joto. Kama muuguzi wa wodini."

"Nionyeshe Jumanne."

Mama Feni alibofya mara mbili tatu, na skrini ikajaa mistari. Jumanne, saa nne na dakika kumi: nyuzi arobaini na tano. Na robo: arobaini na tano. Na dakika ishirini: arobaini na sita. Saa nne na dakika ishirini na tano: arobaini na sita.

"Mzima kabisa," Mama Feni alisema kwa fahari ya mzazi. "Huyo anapulizwa vizuri."

Si chochote. Inspekta alijisugua macho. Alikuwa ametumaini mashine iwe imezimwa saa hiyo, na sasa alijionea aibu kidogo kwa kutumaini. "Haya. Teremka tu mpaka leo, tufunge kazi."

Hapo ndipo karani alipoangua kilio.

"Afande, nisamehe. Ni mimi niliyeizima feni. Niliporudi mchana nikaona kwenye skrini joto la juu lililofikiwa ni themanini na tisa, nikajua nimeiunguza mali ya kiwanda. Sikumwambia mtu. Bosi akijua kazi sina."

"Lini hiyo?"

"Alhamisi. Bosi alinituma kwa mjane kupeleka pole za kiwanda. Akaniambia, kompyuta usizime, nitaitumia. Mimi nikaondoka saa mbili na dakika mbili hivi, feni nikaizima kwa mazoea. Ni yangu, nimeinunua mwenyewe, huwa naogopa kuiacha. Kwenye chai naiacha kwa sababu narudi sasa hivi. Lakini siku ile nilikuwa naenda kukaa. Sikumkumbusha bosi aiwashe. Yeye hajui, ni nadra sana aikalie hii kompyuta, karibu kila kitu namchapia mimi."

Mama Feni alikuwa akiteremsha mistari. Mkono wake ukasimama juu ya kipanya.

"Nini?" Inspekta aliuliza.

"Soma mwenyewe, afande. Mimi nitadhani ni macho yangu yananidanganya."

Inspekta alivaa miwani. Alhamisi, saa mbili kamili: nyuzi arobaini na saba. Mstari uliofuata haukuwa wa saa mbili na dakika tano. Uliandikwa Jumanne, saa nne na dakika kumi: sitini na tatu. Jumanne, saa nne na robo: sabini na nne. Jumanne, saa nne na dakika ishirini: themanini na tatu. Jumanne, saa nne na dakika ishirini na tano: themanini na tisa. Kisha hakuna kitu. Kisha Alhamisi tena, saa mbili na dakika arobaini, hamsini na nane.

"Jumanne imefuata nini baada ya Alhamisi?"

"Haikufuata. Imeletwa." Mama Feni alivuta pumzi. "Programu hii haina akili ya kupanga siku. Ni kama daftari la wageni: anayefika mwisho anaandika chini. Siku na saa inaziuliza kwa saa ya kompyuta. Sasa mtu Alhamisi asubuhi ameirudisha saa ya kompyuta mpaka Jumanne, akafanya lake, joto likapanda kwa kuwa feni haipulizi, mashine ikajizima. Alipoiwasha akairudisha saa mahali pake."

"Sema tena."

Alisema tena. Na mara ya tatu, bila kulalamika.

Inspekta alinakili mistari yote kwenye daftari lake, ya juu na ya chini, kila mmoja kwa mkono, huku Mama Feni akiichapisha kwenye printa na karani akisaini kila ukurasa kama shahidi. Jumanne saa nne na dakika ishirini, juu, arobaini na sita. Jumanne saa nne na dakika ishirini, chini, themanini na tatu. Jumanne moja haiwezi kuwa nzima na kuwa na homa kwa dakika ileile.

"Betri ya saa ikifa, je? Saa si hurudi nyuma yenyewe?"

"Hurudi mpaka mwaka ilipotengenezwa, afande. Haichagui siku moja kabla ya ajali, tena wakati wa chai."

Bado palikuwa na watu wawili wenye neno la siri, na mmoja alikuwa akilia mbele yake. Machozi nayo si kielelezo. Mtu anaweza kulilia feni akifunika barua aliyoichapa kwa amri ya bosi.

"Ulifika kwa mjane saa ngapi?" alimuuliza.

"Sikutazama saa," karani alisema.

*

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa nyuma ya ukuta wa kiwanda, mwendo wa dakika tano kwa mtu mzima na kumi kwa Inspekta. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, na wanawake wawili wa jirani walipoona sare walisogea nje bila kuambiwa. Alikuwa na sura ya kaka yake hasa, lile paji pana na midomo ya kukaza. Inspekta alitamani isingekuwa hivyo.

"Pole tena, mama."

"Kama umekuja kunisemesha habari za yule mtu, rudi," alisema. "Sina kaka. Aliambiwa kwa barua asimamishe, akamweka mume wangu pale pale. Nilimpikia yule mtu miaka sita anakula kwangu."

"Sikuja kwa ajili yake. Nimekuja kuuliza juu ya karani. Alhamisi asubuhi alikuja hapa?"

"Alikuja. Alilia kuliko mimi."

"Saa ngapi?"

"Baba, mimi siku ile najua saa?"

"Hujui. Lakini alipofika palikuwa na jambo lolote? Mtu aliyekuja, mtu aliyeondoka?"

Alifikiri. Alionekana amechoka mpaka kufikiri kulimuuma. "Simu ya chumba cha maiti. Walipiga kuuliza nani atakuja kumtambua. Mimi sikuweza, ulimi ulikataa. Ni yeye aliyepokea, akawaambia. Alikuwa ameshakaa, ameshavua viatu."

"Simu hiyo unayo?"

Aliitoa chini ya mto. Inspekta aliifungua mwenyewe, kwa ruhusa yake, akateremsha majina ya watu waliopiga kutoa pole mpaka akafika Alhamisi. Chumba cha maiti kilipiga saa mbili na dakika kumi na tisa. Walizungumza dakika nne.

Mstari wa kwanza wa Jumanne ya uongo ulikaa mahali pa saa mbili na dakika tano, basi ule wa mwisho ulikuwa wa saa mbili na dakika ishirini. Kwa hiyo wakati prosesa inapanda kutoka themanini na tatu kwenda themanini na tisa, karani alikuwa hapa, miguu mitupu, simu sikioni.

"Nitahitaji uniandikie hayo, mama. Hayo tu."

"Kwa nini?" Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Karani amefanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Basi nani amefanya?"

Kumjibu nusunusu ingekuwa ukatili, na kumjibu kabisa ilikuwa mapema. "Nikimaliza, nitakuja kukwambia mimi mwenyewe. Sitamtuma mtu."

*

Meneja alikuwa ametumiwa dereva nyumbani, na aliwasili kiwandani na shati la kupigwa pasi na uso wa mtu aliyekatizwa kifungua kinywa. Alimkaribisha Inspekta kiti kizuri. Mama Feni akabaki amesimama mlangoni na karatasi zake.

"Niko chini yako, afande. Kiwanda kizima kiko chini yako. Msiba huu umetuvunja."

"Ni kujaza fomu tu," Inspekta alisema kwa sauti yake ya kuchoka, ambayo haikuhitaji kuigizwa. "Barua hii uliiandika wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe. Karani alikuwa kwenye chai, na jambo lilikuwa la haraka."

"Jumanne."

"Jumanne."

"Huwa unaitumia kompyuta ile?"

"Mara chache sana."

"Maana ni mbovu, naambiwa. Haikukusumbua?"

Meneja alicheka kidogo, cheko la mtu aliyepata nafasi ya kuwa mkweli. "Usiniambie! Chumba kama tanuri, mashine inavuma. Namaliza tu kuchapa, nimehifadhi, ikanizimikia mbele ya macho. Ikabidi niiwashe upya ndipo nitoe barua kwenye printa. Nilidhani nimeiharibu."

Inspekta aliandika maneno hayo polepole, neno kwa neno, akamsomea, akauliza kama ndivyo. Ndivyo. Akamwomba asaini. Meneja akasaini.

"Mama Feni," Inspekta alisema, "Jumanne kompyuta hii ilizimika mara ngapi?"

"Hata mara moja. Imewaka saa moja na nusu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, joto halijafika hamsini."

"Wiki nzima ilijizima mara ngapi?"

"Mara moja. Alhamisi asubuhi. Baada tu ya nyuzi themanini na tisa."

Inspekta aliweka karatasi mbili mezani, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, kisha kwenye mwingine. Meneja alisoma, akarudia, na jasho likamtoka polepole juu ya mdomo.

"Saa ya kompyuta ile ni mbovu. Betri."

"Hiyo nimeshauliza," Inspekta alisema.

Nje vinu vilikuwa vikisaga, vyote isipokuwa namba mbili.

"Afande." Sauti ya meneja ilikuwa imepungua. "Kiwanda hiki kinalisha familia mia mbili. Kikifungwa je? Yule alikuwa ameshakufa. Huyu mwingine angepata nini, miaka miwili, mitatu? Nilipima tu."

"Ulimtuma karani akatoe pole," Inspekta alisema, "ili upate chumba." Alishangaa kuona amekasirika, alidhani hasira ilishamwisha miaka mingi iliyopita. "Simama. Tunakwenda."

*

Alitimiza ahadi. Alirudi kwenye mkeka ule, akakaa chini ingawa magoti yalimlaani, akamweleza mjane yote: barua iliandikwa Alhamisi, mumewe akiwa tayari chumba cha maiti, kaka yake alikwenda kwa meneja Jumanne kuomba kinu kisimame, kama alivyosema siku zote, na ile simu aliyoipokea karani ndiyo iliyofunga hesabu. Mjane hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Alisema hivyo tangu siku ya kwanza?"

"Tangu saa ya kwanza."

"Na mimi nikakataa kumsikiliza."

Inspekta aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda zake.

Alasiri alikuwa mezani kwake kituoni akijaza fomu ya kumwachia mtu huru, ambayo ni ndefu kuliko ile ya kumfunga, askari wa zamu alipokuja kusema kuna mwanamke kaunta. Mjane alikuwa amesimama wima, ameshika mfuko wa nailoni kwa mikono miwili.

"Naambiwa bado amevaa lile shati," alisema.

"Bado."

Aliutoa mfuko mbele. Ndani mlikuwa na shati la mikono mirefu, jeupe, limefuliwa na kukunjwa kwa namna linavyokunjwa shati la mume, kola juu. Kwenye mfuko wa kifua, kufua kote hakukuweza kuutoa unga uliojificha kwenye mshono.

"Ni la marehemu. Walikuwa wakiazimana. Mpelekee, avae."

Inspekta aliutazama mfuko, akatazama korido ndefu ya kwenda mahabusu, iliyokuwa na ngazi tatu mwishoni. Akachukua funguo ukutani.

"Miguu yangu mibovu, mama," alisema. "Twende umpe mwenyewe."